Simamisha, Nabilah

Tangu asubuhi Nabilah Fadhul alikuwa akikaa na kusimama, akisimama na kukaa, mpaka Awiti, msichana wa taa, akashindwa kuvumilia.

"Kiti chako kina siafu?"

"Ni jua tu," Nabilah akajibu.

Halikuwa jua. Kibanda chao cha mitambo kilifunikwa turubai na upepo wa Nakawa, mtaa huu wa Kampala, ulipita ndani bila kizuizi. Chini yao uwanja mzima ulikuwa umejaa watu wa mazoezi: waliobeba bendera, wapiga tarumbeta, watoto wa shule waliovaa mabawa ya karatasi. Kesho kutwa michezo ya vijana wa nchi jirani ingefunguliwa hapo mbele ya maelfu ya watu, na kazi ya Nabilah ilikuwa kuliamsha jukwaa. Jukwaa la katikati lililala sawa na ardhi. Yeye akibonyeza, winchi nne, mashine za kukunja nyaya za chuma, zingelivuta kwenye nguzo zake nne, taratibu, wachezaji wakiwa wamesimama juu yake, mpaka lifike usawa wa paa la nyumba. Watazamaji wangeona kama vile ardhi imeamua kuwanyanyua watu wake.

Aliipenda kazi hii kuliko alivyowahi kukiri nyumbani. Ila leo macho yake hayakukaa kwenye kioo cha kompyuta. Yaliteleza kila mara upande wa kushoto, penye nguzo ya tatu, ambapo mwanamume mrefu mwenye kofia ya njano alikuwa amechuchumaa kando ya winchi.

Khaemba alikuwa Mkenya wa Bungoma. Alikuja Kampala kwa mkataba mfupi wa kufunga mitambo ya tamasha moja, akabaki. Yeye alisimamia winchi kule chini, Nabilah akaziongoza kutoka juu, na kwa kuwa kati yao palikuwa na uwanja mzima, waliongea kwa vifaa vya masikioni. Ndivyo walivyopendana, sauti ikitangulia sura. Kabla hajajua rangi ya macho yake, Nabilah alishajua kwamba Khaemba akivuta pumzi ndefu amechoka, na akicheka kwa pua ameudhika. Siku walipokaa benchi moja wakala rolex, ile chapati ya mayai ya barabarani, alishindwa kumtazama usoni. Alifumba macho, akamwomba aongee tu. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita.

Na asubuhi hii Awiti, bila ubaya wowote, alikuwa amesema: "Tutamkosa Khaemba, jamani. Hao wa Kigali wamepata fundi." Nabilah akatabasamu kama mtu aliyejua tayari. Tabasamu hilo bado lilimuuma mashavuni.

Akabonyeza kitufe cha kuongelea.

"Khaemba."

"Nakupata."

"Njoo chaneli ya pili."

Chaneli ya kwanza ilikuwa ya wote, na mkurugenzi wa sherehe alikuwa akiijaza kelele toka alfajiri. Ya pili mara nyingi ilikuwa tupu. Wao wawili walikuwa wameizoea kama wapenzi wengine wanavyozoea kona fulani ya barabara.

"Sema, Nabi."

"Kigali unaenda lini?"

Alimwona chini akiweka spana kwenye nyasi.

"Nani amekwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Nilitaka nikuambie baada ya sherehe."

"Ukiwa ndani ya basi?"

"Usiongee hivyo."

"Niongee vipi? Nifundishe! Miaka yote hii, habari zako mimi nazipata kwa watu?"

Khaemba akasimama. Akaugeukia uwanja, akanyanyua uso kuelekea kibandani. Kwa umbali ule hakuna aliyeweza kuona macho ya mwenzake, lakini Nabilah aliyahisi yakimgusa kama kiganja.

"Na wewe?" sauti ikamjia taratibu. "Jumapili kwenu kuna nini?"

Nabilah akarudisha macho kwenye kompyuta.

"Nimesikia kuna wageni. Watu wa Sadik, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi Nakivubo. Wanakuja kuposa. Nikasema ngoja nione kama ataniambia. Jana tumekula pamoja, Nabi. Tumecheka. Hukusema."

"Sikuwaita mimi."

"Lakini hukuwakataza."

"Ningewakataza nikisema nini? Nimwambie Baba kuna nani? Kuna Mkristo wa Bungoma ambaye hataki kusilimu?"

"Sio kwamba..."

"Ulisema hapana!"

"Nilisema siwezi kutamka maneno ambayo moyo wangu haujayafikia." Alivuta pumzi ndefu, ile ya uchovu. "Shahada yenu si tiketi. Ni ahadi kwa Mungu. Nikiitamka kwa sababu nataka msichana, nitakuwa nimemdanganya Mungu, nimemdanganya baba yako, na wewe utakuwa umeolewa na mwongo. Unataka mwongo?"

"Nakutaka wewe." Awiti akageuza uso upande wa pili, akajifanya anafunga waya. "Nakutaka wewe tu, Khaemba, na wewe unaenda."

"Naenda kwa sababu nakutaka. Utaniambia nikae Kampala nifanye nini? Nipite Nakivubo nikukute umekaa nyuma ya kaunta ya mwanamume mwingine, nikuulize bei ya misumari?"

Nabilah alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Kabla hajapata la kusema, kipaza sauti cha uwanja kikanguruma.

"Jukwaa! Jukwaa la katikati! Kila mutu mahali yake!"

Huyo alikuwa Blaise, mkurugenzi wa sherehe, Mkongo mwenye skafu shingoni hata kwenye joto. Nabilah akajifuta uso kwa mkono wa shati, akarudi chaneli ya kwanza.

Wachezaji wakapanda jukwaani. Walikuwa kina mama wa Kinubi, wamejifunga gurbaba, zile nguo zao za rangi kali, wakicheza doluka, ngoma ya harusi za kwao. Mbele kabisa alisimama kiongozi wao, Hajati Habibah, mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka kama mlango. Alikuwa dada yake Baba. Katika ukoo wote hakuna posa iliyopita bila yeye kuipima, na hii ya Sadik aliileta mwenyewe, akiisifu toka kizingitini. Nabilah alimtazama shangazi yake akijipanga juu ya chuma ambacho yeye angekinyanyua.

"Winchi," akasema.

"Winchi tayari," Khaemba akajibu. Sauti ya kazi, kavu.

"Napandisha."

Jukwaa likatetemeka kidogo, likaanza kupanda. Ngoma zikalia. Kwenye kioo cha kompyuta mistari minne ya kijani ilipanda pamoja, sawasawa, hakuna uliouzidi mwingine. Kina mama wakayumba kwa mdundo, mabega yakiitikia. Hata Blaise alinyamaza. Walikuwa wamefika katikati ya safari pale Nabilah aliposikia sauti sikioni, bila kelele.

"Simamisha, Nabilah."

Kidole chake kilifika kwenye kitufe chekundu kabla akili haijauliza kwa nini. Jukwaa likasimama kwa mshtuko. Mwanamke mmoja akapiga ukelele.

"Nani amesimamisha?" Blaise akafoka. "Kompyuta inasema nini?"

"Inasema kila kitu kiko sawa."

"Basi endelea!"

"Siendelei."

"Kwa nini?"

"Khaemba amesema nisimamishe."

"Waya wa winchi ya tatu umelegea, ukajikunja juu ya mkunjo mwingine kwenye roli lake," Khaemba akaingilia, akiongea haraka sasa. "Kompyuta inahesabu mizunguko tu, waya haiuoni. Ukiongeza, kona hii itapanda kuliko nyingine, na watu watateleza. Na usishushe, Nabi. Waya ukifyatuka kwa uzito ule, utaangusha kona nzima. Shikilia hapo hapo. Nawatoa kwa ngazi."

Blaise alivua skafu yake. "Mungu wangu. Leteni ngazi! Mbio!"

"Kaeni chini!" Sauti ya Hajati Habibah ilisikika uwanjani bila kipaza sauti. "Wote! Asiyekaa nitamkalisha!"

Kina mama wakakaa juu ya chuma, gurbaba zao zimetanda kama maua yaliyomwagika. Nabilah alikuwa amesimama, mkono juu ya kitufe. Sheria ya kazi yake ilikuwa moja: mtu akiwa juu, mwenye mitambo haachi meza yake. Alitamani kuruka kutoka kibandani akimbie, na hakuweza hata kupiga hatua.

Taa ndogo ya chaneli ya pili ikawaka. Mtu alikuwa akimwita. Akabonyeza.

"Nabilah binti Fadhul."

"Shangazi?"

"Huyu binti wa taa alinitia kidude sikioni asubuhi. Akasema nikisikia 'cheza' tuanze kucheza. Sijasikia 'cheza' hata moja. Nimesikia mengine."

Nabilah akamgeukia Awiti. Awiti alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili. "Chaneli ya kwanza ilijaa kelele," akanong'ona. "Banange, Nabi, nilisahau kukuambia."

"Umesikia yote, Shangazi?"

"Toka mliposema Kigali."

"Tafadhali, kwa sasa kaa tu chini."

"Nimekaa. Magoti yananitetemeka, lakini nimekaa." Sauti ya Hajati ikashuka; Nabilah hakuwa amewahi kumsikia akiwa na woga. "Niambie kweli. Hiki kitu kitaanguka?"

"Hakitaanguka nikikishikilia hivi."

"Nani kasema?"

"Yeye."

"Na unamwamini."

"Kwa hili, ndiyo."

"Sikukuuliza hili tu."

Chini, Khaemba na vijana wa kazi walikuwa wakisukuma ngazi ya magurudumu kuvuka uwanja, yeye mbele, kofia imemtoka kichwani bila yeye kujua.

"Namwamini, Shangazi," akasema. "Kwa yote."

Wanawake wakaanza kuteremka mmoja mmoja. Khaemba alisimama katikati ya ngazi, akimwelekeza kila mmoja pa kuweka mguu, akimwita kila mmoja mama. Uwanja mzima ulikuwa umetulia. Kila aliyefika chini alipokelewa kwa vigelegele vya woga. Mwisho akabaki Hajati peke yake, na kile kidude chake bado kilikuwa wazi, kikimpelekea Nabilah kila neno.

"Hajati, nipe mkono."

"Ondoka. Nitashika chuma."

"Chuma kina grisi, Hajati. Mimi nimevaa glavu."

"Glavu nimeziona. Ndani yake kuna mkono wa mwanamume."

"Basi shika mkono wa shati. Huo si wangu, ni wa fundi cherehani."

Nabilah alifumba macho. Alisikia kitu ambacho hakukitarajia: shangazi yake alicheka, kwa ufupi, kama mtu aliyekwaruzwa. Kisha ngazi ikalia chini ya uzito wake.

"Wewe ndiye wa Bungoma."

"Ndiye mimi. Mguu wa kulia chini. Hapo. Sasa wa kushoto."

"Kwa nini hukudanganya? Ungesilimu Ijumaa ukaoa Jumamosi. Nani angejua?"

"Ningejua mimi, Hajati. Usitazame chini, nitazame mimi."

"Na Jumapili unakwenda kanisani?"

"Nakwenda."

"Kwa hiyo binti yetu unampenda, unampeleka wapi?"

Nabilah alijikuta ameng'ang'ania ukingo wa meza.

"Sijui," Khaemba akasema. "Hapo ndipo nilipokwama. Ningekuwa najua, ningekuja kwenu zamani. Hatua moja tu imebaki, Hajati. Umefika."

Mafundi walipoufunga waya wa nguzo ya tatu kwa minyororo na jukwaa likawa salama, Nabilah aliruhusiwa kuiacha meza. Hakuhitaji kushuka. Hajati Habibah alikuwa amekwishapanda ngazi za kibanda, akihema, gurbaba ina doa la grisi. Awiti aliondoka bila kuambiwa.

"Shangazi, nisamehe."

"Nyamaza kwanza, nipumue." Akakaa kwenye kile kiti. Akamtazama Nabilah kwa muda, akitikisa kichwa. "Unajua kwamba nilishaolewa kabla ya mume wangu marehemu?"

"Hapana."

"Nani huwaeleza watoto aibu? Alikuwa mgeni wa kutoka mbali. Alipewa jina la Kasim wiki ya ndoa. Alisilimu mbele ya watu, baba yangu akalia kwa furaha, tukachinja, tukacheza doluka hadi viatu vikakatika. Mwaka haukuisha akaniambia kwamba siku ile alikuwa ametamka maneno tu, kama mtu anayeimba wimbo wa lugha asiyoijua. Akaniacha na lile jina lake la bandia." Akalikwangua doa la grisi kwa ukucha. "Nilimchukia si kwa sababu aliondoka. Ni kwa sababu alinifanya niwe sababu ya uwongo wake."

Nabilah alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono. "Kwa hiyo unatukubali?"

"Sijakubali kitu! Dini haigeuki kwa sababu mtu ameniteremsha vizuri ngazini. Hilo jambo lenu ni gumu na litabaki gumu, mimi sina dawa yake." Lakini hakuitoa mikono yake. "Ila Sadik ni mtoto wa watu, hana ubaya wowote. Kumpa mke ambaye roho yake iko Kigali ni kumdhulumu. Posa niliileta mimi, na mimi nitairudisha. Lakini baba yako utamwambia wewe. Leo, kabla Awiti na mdomo wake hawajafika nyumbani kwenu Kibuli."

"Na Khaemba?"

"Khaemba ana miguu, hana?"

Waliondoka jua likiwa bado kali. Khaemba aliendesha pikapu ya kazini, Hajati akakaa katikati yao kama ukuta. Barabara ya Jinja ilikuwa imekwama, boda boda zikipenya kila upande. Hakuna aliyeongea. Nabilah aliutazama mkono wa Khaemba juu ya gia, ule ambao shangazi yake hakuushika. Mara moja tu, walipokuwa wakingoja lori lipite, Khaemba aliinama mbele kidogo na kumtazama, wakatazamana juu ya kilemba cha Hajati.

"Angalia barabara," Hajati akasema.

"Ndiyo, Hajati."

"Kigali umewaambia nini?"

"Wangoje jibu langu."

"Hm."

Kibuli, Mzee Fadhul alikuwa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na ustaafu haukumwondolea ile tabia ya kutazama mbali kabla ya kusema. Nabilah alimwamkia, akakaa kwenye mkeka. Miguu haikutaka kutulia, akaikunja chini yake kwa nguvu. Hajati aliegemea nguzo ya baraza, hakukaa.

"Baba, Jumapili naomba wageni wasije."

Mzee akapuliza chai. "Sadik amekukosea?"

"Hajanikosea hata kidogo."

"Basi kuna mtu."

"Yupo, Baba."

"Ni wetu?"

Nabilah alijua kuwa bado angeweza kurudi nyuma. Neno moja laini lingetosha, halafu angengojea wiki ipite, na nyingine. Hivyo ndivyo alivyoishi kwa miaka miwili, nusu ya maisha yake akiongea na nusu akinyamaza.

"Si wetu. Ni Mkristo. Ni Mkenya, tunafanya kazi pamoja. Nampenda, Baba. Na hajakubali kusilimu, kwa sababu anasema hawezi kumdanganya Mungu ili anipate mimi."

Kikombe kikabaki njiani. Kwa mbali mtu alikuwa akipiga misumari kwenye bati. Mzee Fadhul alimtazama dada yake.

"Habibah. Wewe ulijua?"

"Nimejua leo, nikiwa nimening'inia hewani. Huyo kijana ndiye aliyenishusha."

"Na unasema nini?"

"Mimi nimeshasema makosa ya kutosha kwenye ndoa za nyumba hii. Leo nasikiliza."

Mzee alikitua kikombe sakafuni. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla, na Nabilah alitamani kuyameza maneno yote, kisha akaona kwamba hakutamani. Yalikuwa yametoka, na kifua chake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kilikuwa na nafasi ya hewa.

"Na yeye, huyo asiyedanganya," Baba akasema, "anakutuma wewe umsemee? Atakuja lini kuniangalia usoni?"

"Yuko nje, Baba. Yuko kwenye geti."

Mzee akainua kofia yake kichwani, akaiweka tena sawa.

"Mwite."

Nabilah akainuka haraka.

"Nabilah! Sijasema ndiyo."

"Najua, Baba."

"Na yeye ajue, kabla hajakanyaga baraza yangu."

Alivuka ua, akafungua geti. Khaemba alisimama kando ya pikapu, kichwa wazi, mikono imeoshwa mpaka imekuwa myekundu. Shavu moja bado lilikuwa na mstari wa grisi. Alimtazama bila kuuliza, na macho yake yaliuliza yote.

"Amesema hajasema ndiyo," Nabilah akamwambia.

"Na hapana?"

"Hiyo pia hajaisema."

Khaemba alishusha pumzi. Kisha akainama pale pale, vumbini, akaanza kufungua kamba za buti zake, fundo likamshinda.

"Viatu ni barazani, Khaemba," Nabilah akasema, akicheka na kulia. "Sio getini."

"Niache," akasema. "Nisije nikasahau nikifika."

Nabilah akapiga goti mbele yake, akamfungulia lile fundo.